Franz Boas na Misingi ya Anthropolojia: Maisha, Kazi na Funzo Lake kwa Wanafunzi wa Lugha

Utangulizi

Anthropolojia ni taaluma inayomchunguza binadamu katika upana wake wote: mwili wake, lugha yake, masalio ya maisha ya wahenga wake na utamaduni anaouishi kila siku. Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na taaluma hii kwa njia ya pembeni, wanapoingia darasa la fasihi simulizi au la isimujamii. Humo huambiwa wakusanye data nyanjani, wazingatie muktadha wa utendaji, na wasipime ngano za jamii moja kwa vigezo vya jamii nyingine. Ni nadra kuelezwa kanuni hizo zilitoka wapi, na ni akina nani walioumia zilipokiukwa.

Makala haya yanasimulia maisha ya Franz Boas, msomi ambaye wengi humtambua kuwa mwasisi wa anthropolojia ya kisasa nchini Marekani. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alifanya kazi katika matawi yote manne ya taaluma hii, hivyo anayeyafuata maisha yake huyajua matawi hayo pia. Pili, maisha yake yana somo gumu. Mtu huyu aliyewafundisha wenzake kusikiliza kwa makini aliwahi kukosa kusikiliza pale palipohitajika zaidi. Tutajaribu kuyaeleza yote mawili bila kumpamba wala kumchafua.

Malezi na masomo

Boas alizaliwa tarehe 9 Julai 1858 katika mji wa Minden, eneo la Westphalia nchini Ujerumani, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa tabaka la kati. Baba yake, Meier, alikuwa mfanyabiashara, naye mama yake, Sophie, alianzisha shule ya chekechea mjini humo. Nyumbani mwao yaliheshimiwa mawazo ya mapinduzi ya mwaka 1848, yaliyodai uhuru wa fikra na usawa wa raia mbele ya sheria. Abraham Jacobi, shemeji ya mama yake, alifungwa gerezani kwa kushiriki vuguvugu hilo, kisha akahamia New York, ambako alikuja kuwa daktari mashuhuri wa watoto. Kwa hiyo tangu utotoni Boas alijua kwamba mawazo yanaweza kumtia mtu gerezani, na pia kwamba ng'ambo ya bahari kulikuwa na mlango wa kutokea.

Alisomea vyuo vikuu vya Heidelberg, Bonn na Kiel. Mwaka 1881 alihitimu shahada ya uzamifu katika fizikia huko Kiel, kwa tasnifu iliyohusu rangi ya maji. Mada hiyo yaonekana kuwa mbali na binadamu, lakini ndiyo iliyomgeuza. Katika majaribio yake alitatizwa na swali la jinsi jicho linavyopambanua viwango vya mwanga vinavyokaribiana. Akaanza kujiuliza: mtafiti anaposema kwamba vitu viwili ni sawa au ni tofauti, anaeleza hali ya vitu hivyo au hali ya jicho lake? Swali hilo hakuliacha maishani mwake mwote.

Mwaka mmoja miongoni mwa Wainuit

Mwaka 1883 Boas alisafiri hadi kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, akiandamana na mtumishi mmoja wa nyumbani kwao, Wilhelm Weike. Wakati huo alijiona kuwa mwanajiografia. Alitaka kuchora ramani ya pwani na kuthibitisha jinsi mazingira yanavyotawala mienendo ya watu. Wenyeji wa huko ni Wainuit, ambao vitabu vya zamani viliwaita Waeskimo.

Hali halisi ilimnyenyekeza. Bila mavazi ya ngozi yaliyoshonwa na wanawake wa Kiinuit, bila mbwa wao wa kuvuta sileji na bila nyama ya sili waliyomgawia, asingemaliza majira ya baridi. Mnamo Desemba 1883 yeye na wenzake walipotea njia wakatembea kwa zaidi ya saa 26 katika baridi iliyoshuka chini ya nyuzi 40 hasi kabla ya kufika penye makao. Katika majira hayohayo ugonjwa wa dondakoo ulizuka ukaua watoto, na baadhi ya Wainuit wakamshuku mgeni huyu kuwa ndiye aliyeleta balaa. Boas alijikuta katika nafasi ambayo watafiti wengi hawaijui: yeye ndiye aliyekuwa akichunguzwa, akijadiliwa na kuogopwa.

Aidha, aliwaomba wenyeji wamchoree ramani za nchi yao, wakamchorea, nazo zilimfaa sana. Alitambua kwamba mazingira peke yake hayaelezi maisha ya watu. Barafu ni ileile kwa kila mtu, ila mgeni hufa juu yake na mwenyeji huipitia kwenda kuwinda. Tofauti yao hutokana na maarifa, majina ya mahali, masimulizi na mazoea yanayorithishwa. Kwa jina moja, hutokana na utamaduni. Kitabu alichokitoa mwaka 1888 kuhusu Wainuit wa eneo hilo kilikuwa mwanzo wa safari yake kutoka jiografia kwenda anthropolojia.

Kutoka Berlin hadi New York

Aliporudi alifanya kazi katika makumbusho ya etnografia mjini Berlin, chini ya Adolf Bastian. Huko alikutana na kundi la wenyeji wa Bella Coola, kutoka pwani ya magharibi ya Kanada, walioletwa Ujerumani ili wawachezee watazamaji ngoma zao. Wengi waliwatazama kama ajabu, lakini Boas aliketi nao akaanza kujifunza lugha yao. Mwaka 1886 alikwenda mwenyewe hadi pwani hiyo ya British Columbia, eneo ambalo angelirudia mara nyingi. Mwaka 1887 alihamia New York, akamwoa Marie Krackowizer, mchumba aliyekuwa akimwandikia barua kutoka Baffin, na akapata kazi ya uhariri katika jarida la Science.

Ikumbukwe kwamba katika zama hizo taaluma hii ilitawaliwa na nadharia ya ngazi. Wasomi kama Lewis Henry Morgan wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1877, walidai kwamba jamii zote za binadamu hupanda ngazi moja: huanza kwa unyama, hupitia ushenzi na kuishia kwenye ustaarabu. Juu kabisa ya ngazi hiyo, wasomi hao waliiweka jamii yao wenyewe. Nyani haoni kundule. Kwao, jamii nyingine zote zilikuwa mabaki ya utoto wa binadamu, na tofauti za lugha, dini na ndoa zilikuwa alama tu za nani amechelewa njiani.

Mwaka huohuo wa 1887 Boas aliingia katika mjadala na Otis Mason wa Makumbusho ya Taifa mjini Washington. Mason alipanga vifaa kwa aina: ngoma zote pamoja, pinde zote pamoja, bila kujali zimetoka kwa nani, ili mtazamaji aone hatua za maendeleo. Boas alipinga. Alishikilia kwamba kifaa hakina maana nje ya watu wanaokitumia. Mfano wa kwetu utafafanua hoja hii. Tukiichukua siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, tukaipanga katika safu ya mabaragumu ya dunia nzima, mtazamaji ataona chombo cha kupulizwa chenye umbo zuri. Hatajua kwamba siwa ilikuwa ishara ya mamlaka na kwamba ililia katika shughuli za waungwana. Hayo hayaonekani kwenye pembe yenyewe. Yamo katika jamii iliyoipa pembe hiyo heshima yake.

Masikio ya msikilizaji

Kwa mwanafunzi wa isimu, kazi ya Boas yenye mvuto mkubwa zaidi ni makala mafupi aliyoyachapisha mwaka 1889, alipokuwa ameanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Clark. Wakati huo baadhi ya wasomi walidai kwamba lugha za wenyeji wa Marekani zina sauti zisizotulia. Walisema kwamba mzungumzaji hulitamka neno hilohilo kwa namna moja leo na kwa namna nyingine kesho. Wakahitimisha kwamba lugha hizo bado hazijakomaa, na kwamba wazungumzaji wake hawajafikia kiwango cha kufikiri kwa uwazi.

Boas alifungua madaftari yake mwenyewe. Aliona kwamba naye alikuwa ameyaandika maneno yaleyale ya wenyeji kwa tahajia tofauti katika siku tofauti. Angeweza kuwalaumu waliomtamkia, lakini alijilaumu mwenyewe. Alionyesha kwamba msikilizaji anapokutana na sauti isiyokuwemo katika lugha yake, huipeleka kwenye sauti ya kwao iliyo karibu nayo. Sauti ikiwa katikati ya mbili anazozijua, leo ataisikia kama hii na kesho kama ile. Kilichoyumba ni sikio la mgeni. Alipochunguza makosa ya tahajia ya watafiti mbalimbali, alibaini kwamba makosa hayo yalifuata lugha mama ya kila mtafiti.

Hoja hii twaweza kuijaribu hapa kwetu. Mgeni ambaye lugha yake haianzishi neno kwa sauti ya ng' huenda akaliandika neno ng'ombe leo kwa n na kesho kwa g, kisha akadai kwamba Mswahili hana hakika na matamshi yake. Vilevile, katika mabweni yetu tumezoea kumcheka mwenzetu ambaye lugha yake ya kwanza haina upambanuzi wa kifonimu kati ya /l/ na /r/, tukisema kwamba huzibadilishabadilisha. Mara nyingi huwa anatamka sauti moja tu ya kwao, nasi ndio tunaoisikia mara hivi na mara vile. Istilahi za fonimu na alofoni zilikuja kuimarika baadaye, lakini mzizi wa fikra hiyo umo katika makala yale ya mwaka 1889. Humo pia umo msimamo utakaokuja kuwa nguzo ya anthropolojia yote: kabla hujatangaza upungufu wa mwenzako, kagua kwanza kipimo ulichotumia.

Mafuvu, makumbusho na mtoto Minik

Msimamo huo Boas hakuufuata daima. Miongoni mwa matawi ya taaluma hii ni anthropolojia ya maumbile, ambayo huchunguza mwili wa binadamu, na katika karne ya 19 tawi hilo lilitegemea sana mifupa. Mnamo mwaka 1888, akiwa British Columbia, Boas alichukua mafuvu na mifupa kutoka makaburi ya wenyeji bila idhini ya jamaa za marehemu. Katika maandishi yake ya faragha alikiri kwamba kazi hiyo ilimchukiza, lakini alijiliwaza kwamba lazima mtu fulani aifanye. Sehemu ya mifupa hiyo iliuzwa kwa makumbusho.

Baya zaidi lilitokea mwaka 1897. Wakati huo Boas alikuwa katika Makumbusho ya Marekani ya Historia ya Maumbile, New York, na alikuwa amemwomba mvumbuzi Robert Peary amletee Mwinuit mmoja kutoka Greenland kwa ajili ya utafiti. Peary alileta sita. Miongoni mwao walikuwamo Qisuk na mwanawe Minik, mtoto wa umri wa takriban miaka saba. Waliwekwa katika jengo la makumbusho, na katika kipindi cha miezi michache tu wanne kati yao walikufa kwa maradhi ambayo miili yao haikuwa na kinga dhidi yake. Qisuk alifariki Februari 1898. Mmoja alirejeshwa Greenland, na Minik akabaki peke yake.

Ili kumtuliza mtoto, wahusika waliandaa mazishi ya uongo. Walifunika gogo kwa ngozi wakalizika mbele yake kama kwamba ndilo baba yake, ilhali mifupa ya Qisuk ilisafishwa na kuhifadhiwa katika makusanyo ya makumbusho. Minik aliugundua ukweli miaka kadhaa baadaye, akadai mabaki ya babake azike mwenyewe, na hakupewa. Waandishi wa magazeti walipomhoji, Boas aliyatetea mazishi yale kwa kusema kwamba yalikusudiwa kumtuliza kijana. Minik alirudi Greenland mwaka 1909 akalazimika kujifunza upya lugha aliyoisahau. Baadaye alirejea Marekani na kufa huko mwaka 1918, wakati wa janga la homa ya mafua. Mabaki ya Qisuk na wenzake watatu yalirudishwa na kuzikwa Greenland mwaka 1993, miaka 95 baada ya Qisuk kufa.

Yapo maelezo ya kwamba hizo zilikuwa desturi za zama zile. Maelezo hayo ni kweli kwa kiasi fulani, lakini hayatoshi. Boas alikuwa amekaa mwaka mzima na Wainuit, amekula chakula chao na kuwaona wakiomboleza watoto wao. Alikuwa na kila sababu ya kujua maana ya kaburi kwa watu wale. Sikio lililozigundua sauti za lugha yao halikusikia kilio cha mtoto wao mmoja.

Matawi manne chini ya paa moja

Boas alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1896, akawa profesa mwaka 1899, na mwaka 1905 akajiuzulu kutoka makumbusho. Ni katika chuo hicho alikoimarisha mpango wa masomo uliounganisha matawi manne ambayo hadi leo yanafundishwa pamoja katika vyuo vingi vya Marekani.

Tawi la kwanza ni anthropolojia ya maumbile. Kati ya mwaka 1908 na 1910 Boas na wasaidizi wake waliwapima vichwa na miili wahamiaji na watoto wao mjini New York, jumla ya watu wanaokaribia 18,000, kwa niaba ya tume ya serikali iliyochunguza uhamiaji. Wakati huo iliaminika kwamba umbo la kichwa ni alama ya kudumu ya mbari, yaani makundi ya watu kwa rangi na maumbile. Boas alipata kwamba watoto waliozaliwa Marekani walitofautiana na ndugu zao waliozaliwa Ulaya: vichwa vya mviringo vya Wayahudi wa Ulaya Mashariki vilirefuka kidogo, na vile virefu vya Wasisilia vikafupika. Mwaka 1928 aliyachapisha matokeo ghafi yote ili yeyote aweze kuyakagua. Ukaguzi huo ulifanyika kweli: mwaka 2002 watafiti wawili walidai kwamba mabadiliko yalikuwa madogo mno, na mwaka 2003 wengine watatu wakaonyesha kwamba hoja yake kuu ilisimama. Msomi anayetoa data yake nje ili ihukumiwe baada ya kifo chake anastahili kuigwa.

Tawi la pili ni akiolojia, elimu ya masalio ya kale. Boas mwenyewe hakuwa mchimbaji mashuhuri, lakini alisaidia kuanzisha shule ya kimataifa ya utafiti nchini Meksiko. Huko, mwaka 1911, mwanafunzi wake Manuel Gamio alichimba Azcapotzalco akifuata tabaka za udongo moja baada ya nyingine, ili vigae vya chini vitambulike kuwa vya kale kuliko vya juu. Njia hiyo ilionyesha kwamba historia ya watu wasioacha maandishi inaweza kusomwa ardhini kwa utaratibu. Wanaozifahamu tafiti za miji ya kale ya Waswahili, kama Shanga katika kisiwa cha Pate, wanajua jinsi usomaji wa tabaka ulivyosaidia kuonyesha kwamba miji hiyo ilikua kutoka ndani ya jamii za pwani.

Tawi la tatu ni isimu. Mwaka 1911 lilitoka juzuu la kwanza la mwongozo wa lugha za wenyeji wa Marekani alilolihariri. Katika utangulizi wake alisisitiza kwamba kila lugha ichambuliwe kwa kategoria zake yenyewe, isilazimishwe kuvaa joho la sarufi ya Kilatini. Sisi tunaochambua ngeli za nomino za Kiswahili kwa upatanisho wa kisarufi, bila kutafuta jinsia ya kike na ya kiume isiyokuwemo, tunatembea katika njia hiyohiyo. Mwaka 1917 alianzisha jarida la isimu ya lugha za Marekani, na mwanafunzi wake Edward Sapir akaiendeleza kazi hiyo kwa ufanisi mkubwa.

Tawi la nne ni anthropolojia ya utamaduni, ambayo nyenzo yake kuu ni etnografia, yaani maelezo ya kina ya maisha ya jamii moja yanayotokana na kukaa nayo. Hapa Boas alitumia miaka mingi zaidi miongoni mwa Wakwakwaka'wakw wa British Columbia, ambao vitabu vyake vinawaita Wakwakiutl. Watu hao walikuwa na sherehe ya potlachi, ambamo mwenye cheo huwagawia wageni mali nyingi sana. Serikali ya Kanada iliipiga marufuku sherehe hiyo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1885 na kudumu hadi mwaka 1951, kwa hoja kwamba ni ubadhirifu. Boas alieleza kwamba iliyoonekana kuwa hasara ilikuwa mfumo wa mikopo na heshima: anayetoa leo huweka akiba kwa wenzake, nao wana wajibu wa kumrudishia kwa nyongeza. Hakimu aliyeona upotevu hakuwa amesoma daftari la wenye mali.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. George Hunt, aliyezaliwa na baba Mwingereza na mama Mtlingit na kulelewa miongoni mwa Wakwakwaka'wakw, ndiye aliyemkusanyia na kumwandikia maelfu ya kurasa za masimulizi katika lugha ya wenyeji hadi alipofariki mwaka 1933. Jina lake limo katika baadhi ya vitabu kama mwandishi mwenza. Hata hivyo, umaarufu ulimwendea profesa, na ni haki kusema kwamba Hunt alistahili sehemu kubwa zaidi.

Vita dhidi ya ubaguzi

Mnamo Mei 1906, kwa mwaliko wa W. E. B. Du Bois, Boas alihutubia mahafali ya Chuo Kikuu cha Atlanta, chuo cha Wamarekani weusi. Aliwaeleza wahitimu kuhusu ufuaji wa chuma barani Afrika, masoko yake, sanaa zake na falme zake za kale, akiwataka wasiamini kwamba watu wao hawana historia. Miongo mitatu baadaye Du Bois alikiri kwamba hotuba hiyo ilimwamsha. Hata hivyo, Boas alikuwa mtu wa wakati wake. Katika maandishi yake ya miaka hiyo alikubali kwamba huenda kuna tofauti ndogo za wastani katika ukubwa wa ubongo baina ya mbari, ingawa alisisitiza kwamba haziwezi kumhukumu mtu yeyote binafsi. Kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kuachana na mashaka hayo.

Kitabu chake cha mwaka 1911, The Mind of Primitive Man, kilikusanya hoja kwamba mbari, lugha na utamaduni ni mambo matatu tofauti. Mtu wa rangi yoyote aweza kujifunza lugha yoyote na kulelewa katika utamaduni wowote. Hoja hii ilikabiliwa na upinzani mkali. Mwaka 1916 Madison Grant, mdhamini wa makumbusho yaleyale aliyoyaacha Boas, alichapisha kitabu kilichotukuza watu wa Ulaya Kaskazini, na mwaka 1924 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwabana wahamiaji kwa kufuata nchi zao za asili. Vipimo vya watu 18,000 havikuizuia sheria hiyo. Ukweli wa kisayansi haujipiganii wenyewe.

Boas hakuogopa kusimama peke yake. Mwaka 1919 aliandika gazetini kuwashutumu wanaanthropolojia wanne waliotumia utafiti kama pazia la ujasusi huko Amerika ya Kati wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alihoji: mwenyeji atamwaminije mtafiti mwingine baada ya hapo? Chama cha wanaanthropolojia cha Marekani kilimkaripia yeye badala ya wale wanne, kwa kura 20 dhidi ya 10. Chama hicho kilibatilisha karipio hilo mwaka 2005, miaka 86 baadaye.

Miaka ya mwisho

Maisha yake ya nyumbani yalijaa misiba. Mwaka 1924 binti yake Gertrud alifariki kwa ugonjwa wa polio, mwaka uliofuata mwanawe Heinrich akafa katika ajali, na mwaka 1929 mkewe Marie akagongwa na gari akafa. Boas alijizamisha katika kazi na katika wanafunzi wake. Miongoni mwao walikuwamo Alfred Kroeber, Ruth Benedict, Margaret Mead na Ella Deloria, mwanamke wa jamii ya Dakota aliyeandika kuhusu watu wake mwenyewe. Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi, alikusanya ngano za Wamarekani weusi wa Kusini, na Boas akamwandikia dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1935. Melville Herskovits alikuja kuanzisha mpango wa masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1948. Katika miaka iyo hiyo ya 1930, Jomo Kenyatta alikuwa London akisoma kwa Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake kuhusu Wagĩkũyũ. Kenyatta hakuwa mwanafunzi wa Boas, lakini yeye, Deloria na Hurston walipiga hatua ileile: aliyekuwa akiandikwa aliishika kalamu.

Mwaka 1933 wafuasi wa Hitler walivichoma vitabu vya Boas nchini alikozaliwa. Akiwa mzee mwenye maradhi ya moyo, aliwatafutia kazi na hifadhi wasomi waliokimbia Ujerumani. Tarehe 21 Desemba 1942, katika karamu ya mchana huko Columbia kwa heshima ya Paul Rivet, msomi mkimbizi kutoka Ufaransa, Boas alianguka akiwa mezani akafariki papo hapo. Mmoja wa waliokuwa naye ni Claude Lévi-Strauss, kijana mkimbizi ambaye baadaye angekuwa jina kubwa katika taaluma hiyohiyo. Boas alikuwa na umri wa miaka 84.

Hitimisho

Tumeona jinsi maisha ya mtu mmoja yalivyopitia mwili, udongo, lugha na utamaduni, ambayo ndiyo matawi manne ya anthropolojia. Tumeona pia kwamba kanuni moja iliyaunganisha: mpimaji ajipime kwanza. Boas alipoifuata kanuni hiyo, alivunja ngazi ambayo jamii zetu ziliwekwa chini yake. Alipoiacha, mtoto alilia mbele ya gogo akidhani ni baba yake.

Kila mwaka wanafunzi wenzetu hupeleka vinasa-sauti vijijini kukusanya ngano, misemo na nyimbo za wazee. Tunapofanya hivyo sisi ndio wenye daftari, na mzee anayesimulia ndiye mwenye mali. Tumwulize kama tunaweza kuichukua, tuandike jina lake akiridhia, na tumrudishie nakala ya alichotupa. Na tukirudi bwenini tukamsikia mwenzetu akitamka neno kwa namna tusiyoizoea, tusicheke kabla ya kuyachunguza masikio yetu.